Kuapdeti softweya ya gari ya umeme ukiwa Malindi: usiende Mombasa mikono mitupu

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo. Hii naiandika kwa wenzangu wenye gari za umeme huku kwetu, Malindi, Watamu mpaka Kilifi, manake swali ni lile lile kila wiki pale uwanja wa ndege tukisubiri wageni, "we bwana mbona gari yako siku hizi inaenda Watamu na kurudi mara tatu bila kuchaji, ushabadilisha betri nini?" Sijabadilisha. Betri ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani. Nilichofanya ni kuipeleka kwa dila, yaani wakala rasmi wa kampuni ya gari, Mombasa ikaapdetiwa softweya ya kompyuta ya betri, ilikuwa inaisoma betri chini ya vile ilivyo na kunikatia mapema. Kazi yenyewe haikufika masaa mawili. Lakini mimi ilinichukua safari mbili na zaidi ya mwezi wa kupiga simu, na ile safari ya kwanza nilirudi vile vile nilivyoenda, na hapa kwetu mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240, kwa mtu wa teksi hiyo ni siku nzima hakuna kitu mfukoni. Sitaki mwingine apitie hayo, kwa hivyo nitaeleza kila kitu.

Tuanze na apdeti yenyewe ni nini, manake wengi wanadhani gari ina kompyuta moja. Ziko nyingi. Betri kubwa ina yake, mota ina yake, chaja ina yake, breki, skrini, kila mtu na yake, na kila moja ina programu ndani inayoweza kuwa ya zamani. Kuna gari zinazopokea apdeti hewani kama simu yako, Tesla ndio wanajulikana kwa hilo, Desemba 2023 Marekani walitakiwa kurekebisha mfumo wa Autopilot kwenye gari kama milioni 2 na marekebisho yakatumwa hewani, gari imepaki nyumbani mwenyewe amelala. Hizi zetu za mtumba nyingi si hivyo. Ile ya Japani laini ya simu iliyo ndani yake ni ya mtandao wa Japani, huku haishiki kitu, ni kama redio yake ya 76 mpaka 90 tu, hata uizungushe vipi haitoki ng'ambo ya 90. Na hata gari ambayo inashika mtandao, mara nyingi kinachokuja hewani ni mambo ya skrini na ramani. Kompyuta ya betri na ya breki mara nyingi zinataka waya, laptopu ya dila, na fundi amekaa hapo mpaka iishe.

Na je kuna faida gani kuhangaika? Ngoja nitoe mifano ya kweli ndio ujue kwamba apdeti si kitu cha aina moja.

Mwaka 2018 watu wa New Zealand, ambao nao wanaendesha kushoto kama sisi na wanaagiza mitumba ya Japani kama sisi, walikusanya takwimu za gari zao za Nissan Leaf wakaona zile za betri ya 30 kWh (kWh ni kipimo cha ukubwa wa betri) zinaonekana kuchoka haraka kuliko za 24 kWh zilizotangulia. Watu wakaingiwa na hofu. Nissan walipochunguza wakasema kompyuta ya betri ndiyo inayohesabu vibaya, betri yenyewe iko na uwezo zaidi ya ule unaoonyeshwa, mwaka huo huo wakatoa programu mpya na programu hiyo inawekwa kwa dila. Fikiria sasa mtu ambaye hakujua akauza gari kwa bei ya kutupa, au akaenda kutafuta betri nyingine, na ugonjwa ulikuwa ni hesabu tu.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Chevrolet Bolt, mwaka 2020, betri zilikuwa na hatari ya kushika moto, apdeti ya kwanza waliyotoa kwa dila ilikuwa inazuia gari isichaji kupita asilimia 90. Yaani unaingia na gari ya kilomita kadhaa unatoka na gari ya kilomita pungufu, na ni kwa usalama wako, ni sawa kabisa, lakini uwe unajua kabla hujaikubali.

Wa tatu, mwaka 2016 Leaf za 2013 mpaka 2015 ziliitwa zirudi kwa madila Marekani kwa ajili ya kompyuta ya breki, kuna kirilei, yaani swichi ndogo ya umeme, ndani kingeweza kuganda kwenye baridi kali na pedeli ikawa nzito. Dawa ilikuwa softweya. Kwa Malindi hii ambapo baridi yetu ni ya kuvaa shati la mikono mirefu mwezi wa saba, hiyo haiwezi kuwa ya kukukimbiza barabarani leo, ukiwa ushaenda kwa lingine mwambie fundi aiweke hapo hapo. Na wa nne, mwaka 2024 Hyundai waliita zirudi karibu gari 99,000 Marekani, Ioniq 5 na ndugu zake, kwa sababu kidude kinachochaji ile betri ndogo ya volti 12 kinaweza kuharibika, gari ikapoteza nguvu njiani. Hiyo kwa mwenye gari hizo si ya kungojea hata kidogo.

Kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kujua gari yako inadai apdeti gani, kwa jina na kwa namba, kabla hujawasha gari kwenda popote. Dila hatakutafuta. Gari ya mtumba haimo kwenye vitabu vyake, hajui hata kama upo duniani.

Hatua ya kwanza, namba ya chesisi. Chukua logbuku, halafu ulinganishe na ile iliyogongwa kwenye gari yenyewe, zifanane herufi kwa herufi. Gari iliyouzwa ndani ya Japani haina namba ile ndefu ya tarakimu na herufi 17, ina namba fupi, kwa mfano Leaf inaanza na ZE0, AZE0 au ZE1 kisha kistari kisha tarakimu sita. Iliyotoka Uingereza ina 17, na zile za kiwanda cha Sunderland zinaanza na SJN. Hii ndiyo iliyonirudisha mimi safari ya kwanza ndugu zangu. Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, nimetoka Malindi alfajiri baada ya swala, kijana wa mapokezi akaingiza namba yangu kwenye kompyuta, mashine inataka herufi 17 na mimi nina fupi, akaniangalia akasema "mzee gari yako haipo kwenye sistimu". Basi. Hakuna aliyeniambia kwamba fundi akichomeka mashine kwenye gari yenyewe anaweza kuisoma bila kupitia kwenye ule ukurasa wa mapokezi. Niliendesha kurudi nikiwa na hasira mpaka Kilifi.

Hatua ya pili, tafuta kama kuna rikoli, yaani kampuni imeita gari zirudi kurekebishwa, au apdeti. Kwa gari ya Japani watengenezaji wana ukurasa wa kutafutia rikoli kwa namba ya chesisi, Nissan Japani wanao, unaandika namba inakuambia kama kuna kazi haijafanyika. Ni Kijapani mtupu lakini simu yako inaweza kutafsiri ukurasa, si tatizo. Ya Uingereza nao wana ukurasa wao wa serikali na wa kampuni. Ukipata kitu piga picha ya skrini, na hasa ile namba ya rikoli, hiyo ndiyo utakayomtumia fundi WhatsApp. Kumbuka rikoli si kila kitu, kuna apdeti ambazo si rikoli, zinatoka kama taarifa ya kiufundi kwa madila tu, mteja akilalamika ndio zinawekwa. Hizo utazijua kwa kusoma wenye gari kama yako wanasema nini, hasa wa New Zealand na Uingereza manake gari zao ni kama zetu.

Hatua ya tatu, isome gari yako mwenyewe. Unahitaji kidude cha OBD cha Bluetooth, kile kinachochomekwa chini ya usukani kusoma kompyuta za gari, na programu ya simu, kwa Leaf iko ile Leaf Spy Pro wote tunaitumia, gari nyingine zina zake. Vile vidude vya bei ya chini sana vingine havisomi vizuri, usione namba za ajabu ukadhani betri imekufa, jaribu kingine kwanza. Andika kwenye daftari tarehe, kilomita, afya ya betri kwa asilimia, na namba za makosa kama zipo. Kwenye Leaf utaona seli 96 zimepangwa kama vijiti, ziangalie betri ikiwa chini, kama asilimia 20 hivi, manake ikiwa imejaa hata seli mbovu inaonekana nzuri. Kama kijiti kimoja kiko chini sana kuliko wenzake, apdeti haitakusaidia, hiyo ni seli, na hakuna softweya ya kufufua seli. Lakini kama zote ziko sawa sawa halafu gari inakwambia betri imebaki nusu ya uwezo, hapo ndipo pa kushuku kompyuta. Mimi zangu zilikuwa zimenyooka kama safu ya swala na gari inaniambia betri imechoka, ndio nikaanza kuuliza. Ukimaliza kusoma chomoa kidude, usikiache kimechomekwa usiku, kinanyonya betri ndogo polepole.

Hatua ya nne, simu. Hapa ndipo safari inapookolewa. Usipige kuuliza "mnafanya apdeti?" manake mapokezi atakwambia ndio, njoo. Omba kuongea na fundi wa gari za umeme mwenyewe, kwa adabu, hata kama itabidi upige mara tatu. Mimi nilisema hivi, "Habari za asubuhi dadangu, naomba unipatie fundi anayeshika gari za umeme, niko Malindi sitaki kuja bure." Hiyo niko Malindi inasaidia, watu wa Mombasa wanaijua ile barabara. Ukimpata fundi muulize haya, na andika majibu: mashine yenu inaweza kuapdeti kompyuta ya betri ya gari ya soko la Japani au inasoma tu? Kusoma na kuandika ni vitu viwili tofauti kabisa, wengi wanasoma. Namba ya programu iliyo kwenye gari yangu mkishaisoma, mnaweza kuona kama kuna mpya yake? Laisensi yenu ya mtandao iko hai? Nikija siku hiyo, faili inashushwa hapo hapo au ni ya kuagizwa? Mna chaja ya kushikilia betri ndogo wakati wa kuapdeti? Mna jenereta, stima ikipotea? Na mwisho, ni pesa ngapi, na kama ikikataa nalipa ngapi.

Hilo la pesa usione haya kuuliza. Rikoli ni bure kule gari ilikouzwa mpya, huku kwetu gari ya mtumba usiende ukitegemea bure, nenda na pesa ya kazi ya masaa mawili matatu, wakikufanyia bure mshukuru Mungu. Fundi niliyempata mimi, Mwenyezi Mungu ambariki, alinijibu yote na la laisensi akaniambia ukweli kwamba limekwisha na litalipiwa mwezi unaokuja. Ningeenda wiki ile ningerudi tena mtupu. Mtumie picha ya chesisi, ya rikoli, na ya ile skrini ya seli, halafu mkubaliane siku na saa, na jioni ya kabla ya safari mpigie tena.

Sasa hatua ya tano, na hii naomba mnisikilize vizuri kuliko zote, betri ndogo. Ile ya volti 12. Watu wana betri kubwa ya mamilioni wanasahau ile ndogo ndiyo inayowasha kompyuta zote. Wakati wa kuapdeti gari inawekwa kwenye ON, kompyuta zimewaka, bila kuwa READY, yaani tayari kuondoka, na ikiwa hivyo ile mashine ya ndani inayochaji betri ndogo kutoka kwa betri kubwa haifanyi kazi. Kwa hivyo kompyuta zote zimeamka, feni zinazunguka, na wa kuwalisha ni betri ndogo peke yake. Volti zikianguka katikati ya kuandika programu, ile kompyuta inabaki na programu nusu, haijui ya zamani wala mpya, na huenda isiamke tena. Miongozo ya Nissan kwa mafundi wao inataka volti zikae kati ya 12.0 na 15.5 muda wote wa kazi. Ndio maana dila anachomeka chaja ya nje ya kushikilia. Lakini ile chaja nayo inakula stima ya ukutani, na mnajua stima ya huku, ikipotea pale katikati, kitakachobaki kukuokoa ni betri yako ndogo mwenyewe. Kama ni ya kizee umekwisha.

Kwa hivyo wiki moja kabla, asubuhi kabla hujagusa gari, pima na mita. Ikiwa imelala usiku kucha inatakiwa kuwa karibu 12.6, ikiwa 12.4 bado yaenda, chini ya 12.2 hiyo badilisha kabla hujaenda. Hata ikisoma vizuri kama hujui umri wake mwambie muuza betri aipime na mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme mwingi, volti peke yake zinadanganya. Yangu ilisoma 12.5 nikafurahi, ilipopimwa na mzigo ikaanguka hapo hapo, na ilikuwa ile iliyokuja na gari. Nilinunua mpya hapa hapa Malindi, ukubwa ule ule, nguzo upande ule ule. Na huku pwani chumvi ya bahari inakula nguzo za betri, utaona ule unga wa kijani na mweupe, ukiwa umefungua safisha kwa maji ya moto na brashi, kausha, funga imara, pakaza grisi juu. Mwenye nyumba karibu na ufuo ndio zaidi, gari inalala ikipulizwa na upepo wa bahari kila siku. Angalia pia kile kishimo cha OBD chini ya usukani, kama pini zina kutu ya kijani mwambie fundi azisafishe kwanza, waya ukitetereka katikati ya kazi ni sawa tu na stima kupotea.

Safari. Leaf ya 30 kWh ikiwa mpya kwa kipimo cha Marekani ni kama kilomita 172, ya 40 kWh kama 243. Punguza kwa afya ya betri yako. Mwenye 30 kWh iliyobaki asilimia 80 ana kama 138, na Mombasa ni 120, sasa ongeza kiyoyozi na foleni ya Mtwapa utaona hesabu inabana. Msimu wa kusi ndio mbaya zaidi, upepo unakupiga usoni njia nzima ukielekea Mombasa, wakati wa kurudi ndio unakusukuma. Enda 70, usishindane na matatu. Kilifi ni nusu ya njia, tafuta mtu unayemjua pale mwenye soketi, lakini jua soketi ya kawaida inakupa kama kilomita 15 tu kwa saa moja ya kuchaji, kwa hivyo masaa mawili ni ya kukuvusha, si ya kujaza. Mimi niliongea na gereji nikaenda jioni ya kabla, gari ikalala kwao inachaji, nami nikalala kwa shangazi Kisauni. Hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote manake gari inaanza kazi asubuhi ikiwa imejaa na imepoa, na usifike na taa ya kobe, ile ya kusema betri inakwisha, imewaka ukadhani wataanza kazi hapo hapo.

Ukifika gereji, toa kila kitu chako kilichochomekwa, chaja ya simu, kidude cha OBD, kamera ya kioo, na zima Bluetooth ya simu yako. Kama wanakuruhusu kaa karibu, ukae kimya, usimsumbue fundi kwa maneno akiwa anaandika. Kabla hajaanza mwombe jambo moja tu: akuonyeshe skrini yenye namba ya programu iliyopo na namba ya itakayowekwa, upige picha. Namba mbili. Hapo ndipo ushahidi ulipo. Zikiwa sawa, yaani iliyopo ndiyo mpya, basi huna apdeti ya kuwekwa, lipa ya kusoma uende zako, na usikubali kuandikiwa risiti ya apdeti. Zikiwa tofauti muulize inabadilisha nini, na kama anasema hajui, mwombe afungue ile taarifa ya kiufundi, iko kwenye mashine yake. Hapo ndipo utajua kama ni ya kurekebisha hesabu au ni ya kupunguza chaji kama ile ya Bolt. Halafu muulize waya wa chaja umechomolewa, chaja ya betri ndogo imewashwa, laptopu iko kwenye stima. Si dharau kumuuliza, mafundi wazuri wanafurahi, wangu alinijibu "mzee wangu wewe umesoma wapi" na akanionyesha volti kwenye mashine, 13.4, hazikutingishika mpaka mwisho.

Ikimaliza gari inaweza kuwasha taa nyingi kama nyumba ya harusi, usitishike. Kompyuta moja ikiwa inaandikwa zile nyingine zinaita mwenzao haitiki, zinaandika makosa ya mawasiliano. Fundi anafuta makosa yote, anazima gari, anangoja kidogo, anawasha READY, anasoma tena. Makosa yakirudi baada ya kufutwa hayo ndiyo ya kweli. Piga picha ya namba mpya. Kwenye risiti aandike namba ya zamani, namba mpya, tarehe na kilomita, si "software update" peke yake, hiyo haikusaidii kitu siku ya kuuza gari au siku ya kwenda kwa dila mwingine.

Kuna njia ya mkato nayo lazima niiseme, manake najua mtaambiwa. Kuna vijana wana laptopu na mashine za kunakili, wanakuja mpaka nyumbani, bei nusu. Kwa kusoma makosa sina neno nao, wengine ni mafundi hodari kweli na wamenisaidia mimi. Kwa kuandika kompyuta ya betri, hapana. Muulize faili ameitoa wapi. Faili ya gari ya Uingereza ikiandikwa kwenye kompyuta ya gari ya Japani si lazima ikubali, na ikikubali huenda ikakosea mambo ya chaji ambayo hutayaona leo. Na akishindwa katikati hana wa kumpigia simu, wewe gari iko uani haiwaki na haisukumiki, manake breki ya kuegesha ni ya umeme kwenye gari nyingi. Jirani yetu wa Maweni yake ilikaa hivyo wiki sita mpaka ikabebwa kwa lori kwenda Mombasa. Na yale ya skrini ya Kijapani, mtu akikwambia dila akiapdeti skrini itageuka Kiingereza, haigeuki, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Baada ya kurudi nyumbani. Kwanza angalia vitu vidogo, saa, taimeri ya kuchaji imefutika mara nyingi kwa hivyo ukiitegea ichaji usiku utaamka asubuhi ukute haijachaji, vioo vya kujipandisha wenyewe vinaweza kutaka kufundishwa tena. Jaribu breki pole pole mahali pasipo na watu kabla hujabeba abiria, mimi nilizunguka mara kadhaa barabara ya nyuma ya uwanja wa ndege. Halafu kilomita zinazoonyeshwa siku za kwanza usiziamini, kompyuta ya betri inajifunza upya. Iendeshe mpaka ishuke kama asilimia 15 au 20, ichaji mpaka ijae, ikae, rudia hivyo mara tatu nne kwa wiki mbili, na kila mara andika kwenye lile daftari namba zile zile ulizoandika mwanzo. Zangu zilipanda kidogo kidogo mpaka wiki ya pili zikatulia, na sasa kobe anatokea pale ambapo betri kweli imekwisha. Zisipopanda kabisa baada ya wiki mbili na picha yako inaonyesha namba mpya imeingia, basi kompyuta ilikuwa sawa tangu mwanzo na betri ndiyo imechoka, na hapo una karatasi za kumwonyesha fundi wa betri asianze kukutoza pesa ya kutafuta ugonjwa.

Risiti, picha za namba mbili, na daftari, weka kwenye bahasha moja na nakala ya logbuku. Picha zitume pia kwa simu ya mtu wa nyumbani, mimi zangu ziko kwa mke wangu, manake simu ya dereva wa teksi haikai salama.